Wadudu wa Magamba Ndani ya Nyumba: Namna ya Kuwaondoa na Kuwazuia Wasirudi

Mvua za Machi zikishakolea, nyumba nyingi za chini za Kampala, Entebbe na Jinja hupata wageni wa aina moja: wadudu wadogo wa kijivu, mgongo una magamba yaliyopandana kama mabati ya paa. Utawakuta asubuhi kwenye kona ya bafu, nyuma ya mlango wa chuma au chini ya kapeti ya plastiki. Ukimgusa, mmoja hujiviringa akawa kidonge, mwingine hukimbia. Wenye nyumba wengi hukimbilia dawa ya kupuliza, wakaua wanaoonekana, na kesho yake wanakuta wengine palepale.

Sababu ni kwamba wale wa ndani ni waliopotea njia tu. Kundi lenyewe liko nje, mara nyingi mita moja au mbili kutoka ukutani, na linaishi kwa unyevu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa inafanyika nje ya nyumba. Dawa inakuja mwisho, na kwa nyumba nyingi haihitajiki.

Hakikisha ni wenyewe

Mdudu wa magamba aliyekomaa ana urefu wa kati ya nusu sentimita na sentimita moja na nusu, mwili wa mviringo mrefu ulio bapa kwa chini, na miguu 14, jozi saba. Wako wa namna mbili. Wa kwanza anaweza kujiviringa kabisa. Nyuma yake ni laini, hakuna kilichochomoza. Wa pili hawezi kujiviringa, ni bapa zaidi, na nyuma ana vijimkia viwili vifupi. Njia ya kuwaondoa ni moja, kwa hiyo usipoteze muda kuwatenganisha.

Cha muhimu ni kutowachanganya na wengine. Kupe aliyekomaa ana miguu minane na hana magamba ya kupandana. Kunguni ana miguu sita, ni wa kahawia-nyekundu, na utamkuta kitandani, si bafuni. Jongoo mchanga ana miguu mingi mno na mwili wa duara kama uzi mnene; huyu huingia kwa njia zilezile na huondolewa kwa kazi ileile, kwa hiyo mwongozo huu unamfaa pia. Mchwa ni habari nyingine kabisa. Ukiona vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani au kwenye fremu ya mlango, acha haya yote, shughulika na mchwa kwanza.

Wadudu hawa ni wa ukoo wa kaa na kamba, si wa ukoo wa mende na nzi. Wanapumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo ambavyo lazima vibaki na unyevu, na ngozi yao haina nta ya kutosha kuzuia maji yasitoke mwilini. Ndiyo maana mchana hujificha na usiku hutoka. Ndiyo maana pia, akiingia kwenye chumba kikavu, hufa ndani ya siku moja au mbili bila kuguswa. Ukiwaona hai ndani ya nyumba yako wiki baada ya wiki, nyumba hiyo ina mahali palipo na maji, hata kama hujapaona bado.

Hawaumi, hawachomi, hawamletei mtu ugonjwa. Hawali nguo, hawali unga, na hawatoboi mbao nzima. Chakula chao kikuu ni majani yaliyooza, ukungu na mbao ambazo tayari zimelainika kwa maji. Wanaudhi, lakini hakuna dharura. Una muda wa kuifanya kazi kwa mpangilio.

Waliomo ndani

Fagia. Kweli, inatosha. Tumia ufagio mlaini na kizoleo, wamwage kwenye ndoo yenye maji ya sabuni kidogo, au uwapeleke kwenye shimo la mbolea mwisho wa kiwanja. Usiwaponde juu ya kapeti ya nyuzi, wataacha doa. Fagia asubuhi mapema kabla hawajajificha, hasa kandokando ya kuta, nyuma ya jokofu na chini ya sinki. Majike hubeba mayai kwenye kifuko kilicho chini ya kifua, na watoto hukaa humo mpaka waweze kutembea, kwa hiyo hakuna mayai ya kutafuta ukutani kama ya mende.

Ukishafagia, nyanyua kapeti. Katika vyumba vingi vya Uganda kapeti ya plastiki hutandikwa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji, na chini yake unyevu hauna pa kutokea. Ikiwa sakafu chini ya kapeti imebadilika rangi, inanuka ukungu, au ukiigusa unahisi ubaridi wa maji, umeshapata sehemu ya jibu. Itoe kapeti juani, iache sakafu wazi siku nzima huku madirisha yakiwa wazi, kisha fanya kipimo kifuatacho kabla hujairudisha.

Chukua karatasi ya nailoni inayoonyesha, yenye upana na urefu wa sentimita 45 hadi 50. Ilaze kwenye sakafu iliyokaushwa, ibandike pande zote nne kwa selotepu pana bila kuacha upenyo, na uiache saa 24. Isipigwe na jua. Baadaye angalia matone yako upande gani. Yakiwa chini ya nailoni, au saruji pale imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu ya nailoni, unyevu ni wa hewa ya chumbani: nguo zinazoanikwa ndani, mvuke wa kupikia, madirisha yasiyofunguliwa. Fanya kipimo mahali pawili au patatu, kimoja karibu na ukuta wa nje na kimoja katikati ya chumba, maana mara nyingi majibu hayafanani.

Wanatokea upande gani

Usianze kuchimba kabla ya kujua. Toka na tochi saa tatu au saa nne usiku, ikiwa mvua imenyesha mchana, uzunguke nyumba ukimulika pale ukuta unapokutana na ardhi. Utawaona wakitembea. Nyanyua tofali, gogo, chungu cha maua, bati lililolazwa kwenye majani. Mahali utakapokuta makumi pamoja ndipo penye kazi.

Ukitaka uhakika zaidi, tega. Kata boksi vipande vya sentimita 30 kwa 30, viloweshe maji, vikamue kidogo, vipange viwili viwili vikilaliana chini ya ukuta. Weka mitego sita hadi minane kuzunguka nyumba nzima, kila mmoja na namba yake. Nusu ya kiazi iliyochimbwa katikati na kulazwa kifudifudi huvuta zaidi, ila panya nao wanaipenda. Tega jua linapozama, kagua kabla ya saa moja asubuhi, hesabu, mwaga kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Kwa kawaida mtego mmoja au miwili itakuwa na wengi kuliko mingine yote, na hapo hapo utagundua kitu: bomba la tenki linalomwaga, shimo la maji ya jikoni, rundo la matofali yaliyobaki baada ya ujenzi. Tunza namba hizo. Utazihitaji baadaye kujua kama kazi imefaa.

Kazi ya nje

Anza na utepe wa ardhi wenye upana wa sentimita 60 kuzunguka nyumba yote. Ndani ya utepe huo kusiwe na majani, matandazo, bustani ya maua, kuni, matofali, magunia wala chombo cha plastiki kilichotupwa. Ardhi iwe tupu, au saruji, au kokoto kavu. Wadudu hawa hawapendi kuvuka mahali pakavu palipo wazi, hata pakiwa pafupi.

Kuni na matofali vihamishe, na huko vinakohamia visilale chini. Weka mawe au vipande vya bomba, pandisha kuni sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, hewa ipite. Gunia la mkaa lililo jikoni nalo lipandishe juu ya matofali mawili. Chini ya gunia linalogusa sakafu ndipo wanapolala mchana.

Migomba inahitaji neno lake. Mashina yaliyokatwa baada ya kuvuna matooke, majani makavu yanayotandazwa, na maji ya kuogea yanayomwagwa pale kila siku: hakuna makazi bora kuliko hayo kwa wadudu hawa. Kwenye migomba iliyo mbali hawana ubaya, wanaozesha majani na kurudisha rutuba. Lakini migomba iliyo nyuma ya jiko, ikigusa ukuta, ni kiwanda. Iache mita mbili au tatu kutoka nyumbani, mashina ya zamani yapasue vipande na uyapeleke mbali, na maji ya kuogea uyaelekeze kwa mfereji hadi huko badala ya kuyamwaga mlangoni.

Kisha maji ya paa. Hesabu ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 30, jambo la kawaida la alasiri moja ya Aprili, linamwaga lita 1,800, yaani jerikani 90 za lita ishirini. Bila gata, maji yote hayo yanatua karibu na msingi, yanachimba kijifereji na kurushia ukuta matope. Ukiwa na fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, weka gata pande zote mbili za paa na bomba la kushusha maji mpaka kwenye tenki au mfereji. Halafu kagua bomba la ziada la tenki, lile linalotoa maji tenki likijaa. Mafundi wengi huliacha liishie palepale juu ya msingi. Liunganishie bomba liende mita mbili au tatu mbali.

Mwinuko wa ardhi ndio unaosahaulika zaidi. Sakafu ya ndani inapaswa kuwa juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba inapojengwa huwa hivyo, lakini miaka inapita, watu wanamwaga maramu kila mvua inapoleta matope, wanatengeneza bustani ya maua ukutani, na mwishowe udongo umefika usawa wa sakafu au umeupita. Hapo hata nailoni ya kuzuia maji ambayo fundi aliiweka juu ya msingi haisaidii tena, kwa sababu udongo umeiruka. Chimba uondoe udongo huo, na ardhi iteremke kutoka ukutani: sentimita 15 za mteremko katika mita tatu za kwanza. Kipande cha mbao iliyonyooka chenye mita tatu na pima maji (kifaa cha fundi chenye kiputo cha kuonyesha usawa) juu yake vinatosha kupima.

Ikiwa unaweza, jengea nyumba kizingo cha zege, yaani sakafu ya nje inayozunguka ukuta, chenye upana wa sentimita 60 hadi 90. Vipimo kwa upande mmoja wa mita 10, upana sentimita 60:

1. Ondoa udongo mweusi wa juu wote, wenye mizizi. Jaza mawe na maramu, shindilia mpaka unene wa sentimita 10. Kizingo kinachomwagwa juu ya udongo laini hupasuka ndani ya msimu mmoja, na nyufa hizo huwa nyumba mpya za wadudu walewale.
2. Panga mbao za kingo ili zege liwe na unene wa sentimita 7 na nusu, na upande wa nje uwe chini ya upande wa ukuta kwa sentimita 2 au 3.
3. Changanya saruji, mchanga na kokoto kwa 1:2:4. Mfuko mmoja wa kilo 50 unachukua jerikani tatu na nusu za mchanga na jerikani saba za kokoto, kwa jerikani ya lita 20 iliyokatwa juu. Maji ni lita 25 hivi. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguza. Kwa mita hizo 10 utatumia mifuko mitatu.
4. Acha kiungio kila baada ya mita mbili au tatu kwa kuweka kipande chembamba cha mbao, baadaye ukijaze lami. Pale zege linapokutana na ukuta, jaza lami pia.
5. Funika kwa magunia yaliyolowa, mwagia asubuhi na jioni kwa siku saba. Usiruke hatua hii. Zege lililokauka haraka juani huwa na vumbi na nyufa.

Kosa la kawaida ni mteremko kuelekea ukutani, kwa sababu fundi amefuata jicho badala ya pima maji. Mwaga ndoo ya maji siku inayofuata. Yakirudi ukutani, mwambie arekebishe kabla hajalipwa. Majira mazuri ya kazi hii kwa kusini na kati ni Januari na Februari, au Juni na Julai. Kwa Gulu, Lira na Arua, ambako mvua hufuatana karibu toka Aprili hadi Oktoba, subiri Desemba.

Milango, matundu na nyufa

Mlango wa chuma wa kawaida huacha upenyo wa sentimita moja au mbili chini. Kwa mdudu mwenye kimo cha milimita tatu hivi hilo ni lango. Duka la vifaa vya ujenzi huuza mpira wa mlango, lakini mpira wa ndani wa baiskeli au bodaboda unafanya kazi ileile na unadumu. Kata utepe wa sentimita 8 wenye urefu wa mlango, ukunje mara mbili, ubane chini ya mlango kwa ubao mwembamba au utepe wa chuma, na skrubu kila sentimita 15. Kwa mlango wa bati toboa kwanza kwa drili ya milimita 4 na utumie ribiti. Mpira uguse sakafu na kupinda kidogo tu, nusu sentimita hivi. Ukizidi, utakunjika kila mlango unapofunguliwa na kuchanika mwezi wa kwanza. Sakafu ikiwa na mabonde, mpira peke yake hautafunga. Jenga kizingiti cha saruji na mchanga 1:3, kimo cha sentimita 2 au 3, na hapo mpira utapata pa kukaa.

Tundu la kutolea maji ya kudekia, lile la chini ya ukuta wa sebule au kibaraza, ni njia kuu ambayo watu hawaifikirii. Lizibe kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, yasiyozidi milimita moja na nusu, ukishikwa kwa saruji upande wa nje. Nywele na mchanga vitauziba wavu, kwa hiyo usafishe kila wiki. Mabomba yanapopita ukutani, zungushia silikoni. Nyufa za chini ya ukuta zipanue kwa tindo ziwe na kina cha sentimita moja, piga brashi, nyunyiza maji, kisha jaza saruji na mchanga 1:3. Ukipaka saruji juu ya ufa bila kuupanua, inabanduka yote kama ganda.

Kitu kimoja usizibe: matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha. Wengine huyaziba kwa magazeti wakiogopa mbu, na nyumba inaanza kutoa jasho. Weka wavu wa mbu, hewa iendelee kupita.

Kukausha ndani

Fungua madirisha ya pande mbili kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri siku isiyo na mvua. Godoro lisilale sakafuni. Hata paleti za mbao zinasaidia. Kabati liache sentimita 5 kutoka ukutani. Mtungi na jerikani za maji ya kunywa ziwe juu ya kitu, si juu ya sakafu ambapo duara la maji halikauki.

Kama nyumba ina maji ya bomba, pima uvujaji: usiku kabla ya kulala funga mabomba yote, andika namba ya mita, asubuhi soma tena kabla mtu hajatumia maji. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja, na mara nyingi ni lile lililo chini ya sakafu ya bafu au tangi la choo linalopitisha maji polepole. Hakuna kizingo wala mpira wa mlango utakaosaidia mpaka uvujaji huo uzibwe.

Sehemu ya chini ya ukuta ikiwa na unga mweupe na rangi inayobanduka, maji yanapanda ndani ya tofali. Kosa linalofanywa hapo ni kupiga plasta mpya nzito na kupaka rangi ya mafuta juu yake. Inapendeza miezi michache, kisha maji yanapanda juu zaidi na kubandua kila kitu. Toa udongo wa nje kwanza, rekebisha mteremko, bandua plasta mbovu, uache ukuta ukauke kiangazi kizima. Ndipo upige plasta nyepesi yenye chokaa na kuipaka chokaa au rangi ya maji, ili ukuta uendelee kupumua.

Fremu za milango za mbao zichome kwa bisibisi chini kabisa. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza. Wadudu wa magamba hawakuiozesha, walikuja kula tu, lakini mchwa wako njiani. Kata kipande kilichooza na uweke kipya kilichopakwa dawa ya mbao.

Majivu, unga na dawa

Majivu makavu ya kuni, yaliyochekechwa na kumwagwa utepe wa sentimita 10 chini ya ukuta uliofunikwa na paa, hukausha mdudu anayepita. Unga wa daiatomia hufanya vilevile na vizuri zaidi; ni mwamba mweupe unaosagwa, kama ule unaochimbwa Kariandusi nchini Kenya. Vaa barakoa ukiutumia, vumbi lake si la kuvuta. Vyote viwili vina udhaifu mmoja: vikilowa vimekwisha. Vinafaa kibarazani na kwenye stoo, si mahali mvua inapofika.

Chumvi achana nayo. Inaua mimea, inakula saruji na chuma, na yenyewe huvuta unyevu wa hewa, kinyume cha unachotaka. Mafuta machafu ya injini yanayomwagwa kuzunguka msingi ni mabaya zaidi: yanabaki kwenye udongo miaka mingi na kufika kisimani.

Ukishafanya kazi ya nje na bado wanaingia kwa wingi, dawa ya kupuliza yenye saipamethrini, deltamethrini au lambda-sihalothrini hufanya kazi. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo inayosomeka na inayotaja matumizi ya nyumbani, kwenye duka lenye leseni. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Pima kiasi kinachosemwa na lebo kwa bomba la sindano, usikisie kwa kifuniko. Puliza jioni, siku ambayo mvua haitarajiwi, nje tu: utepe wa sentimita 30 ukutani na 60 ardhini, mizingiti na nyufa. Vaa glavu, mikono mirefu, viatu vya gumbuti. Watoto na kuku wasifike mpaka pakauke kabisa.

Ndani hakuna haja ya kupuliza, kwa sababu waliomo watakufa kwa ukavu. Na usimwage mabaki kwenye mtaro. Dawa za jamii hii ni kali mno kwa samaki na kwa kamba, ndugu wa hawa unaowafukuza, na mitaro ya katikati ya Kampala huishia mfereji wa Nakivubo na kisha Ziwa Victoria. Changanya kiasi utakachomaliza, suuza pampu mara tatu, na maji hayo ya suuzo uyapulize palepale ulipopulizia.

Kuku wa kienyeji watafanya nusu ya kazi hii bure ukiwaachia wachakure utepe wa nje. Ila wadudu hawa hubeba baadhi ya minyoo ya tumbo la kuku, kwa hiyo wape kuku dawa ya minyoo kwa ratiba. Na uchague moja: ama kuku, ama dawa ya kupuliza.

Ukiwa mpangaji

Katika muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huwezi kujenga kizingo wala kuweka gata. Unachoweza ni mpira wa mlango, wavu kwenye tundu la maji, kitanda badala ya godoro chini, na kapeti inayonyanyuliwa kila Jumamosi. Tandika nailoni nzito chini ya kapeti ikiwa kipimo kimeonyesha maji yanapanda, ukiiacha ipande ukutani sentimita 5. Haikaushi sakafu, lakini inalinda vitu vyako. Mfereji wa pamoja mbele ya vyumba ndio chimbuko la kawaida, na huo hausafishwi na mtu mmoja. Mwenye nyumba akiitwa, mwonyeshe mtego wa boksi uliojaa na rangi inayobanduka. Wadudu peke yao hawatamshtua, lakini ukuta unaooza ni mali yake.

Utarajie nini

Utepe ukisafishwa na milango ikizibwa, wanaoingia hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Nje watabaki, kwa sababu wanaishi hata zaidi ya mwaka, na hakuna haja ya kuwamaliza. Tega tena maboksi yaleyale mahali palepale mwishoni mwa Agosti, kabla ya mvua za Septemba, na ulinganishe na namba za kwanza. Mtego mmoja ukibaki juu wakati mingine imeshuka, chimbua pale. Kuna bomba, mzizi unaooza au shimo la maji ambalo halijaonekana. Na kama una kitalu cha sukuma au nyanya karibu na nyumba, mwagilia asubuhi badala ya jioni na uweke trei za miche juu ya meza: wakifukuzwa ukutani, miche michanga ndiyo chakula laini kilicho karibu nao zaidi.